São Paulo kwa mara ya kwanza: nikae mtaa gani, na simu niifiche au nitembee nayo?

#1 Mgeni_wa_Ilala
Wakuu habari zenu. Mwezi wa saba nakwenda São Paulo kwenye kongamano la kazi, nikimaliza nabaki siku kadhaa kutembea. Sijawahi kuvuka Atlantiki. Kila ninayemgusia safari hii ananipa habari ileile: simu itaondoka. Mmoja kaniambia nilale katikati ya jiji, bei nafuu na kila kitu kiko karibu. Mwingine anasema huko katikati hata wenyeji hawalali. Waliowahi kukanyaga huko naomba msaada: nikae wapi, nizunguke vipi, na hii simu niifanyeje? Kireno sijui hata neno.

#2 Nahodha_Mstaafu
Karibu mkuu. Katikati, yaani República, Sé na Luz, mchana pazuri, usiku pagumu. Mchana kuna majengo ya zamani, maduka, watu tele. Maduka yakifungwa jioni mitaa inakuwa mitupu ghafla, na shida huanzia hapo. Mgeni wa mara ya kwanza akae karibu na Avenida Paulista, au Vila Mariana, au Pinheiros. Kigezo changu ni kimoja tu: kutoka mlango wa hoteli hadi kituo cha metro isizidi dakika tano kwa miguu. Ukipata hiyo, jina la mtaa halina uzito sana.

#3 Kijana_wa_Sinza
Simu acha hotelini, nunua kitochi utembee nacho. Kuna video nimeona, jamaa kasimama kwenye taa za barabarani, baiskeli ikapita, simu haipo. Halafu huko si wanaongea Kihispania? Masomo ninayo, nitakutumia.

#4 Kasuku_wa_Lubumbashi
Kaka wa #3, Brazili ni Kireno. Ukimsemesha mtu Kihispania atakuelewa nusu, atakujibu kwa Kireno chake, na wewe utabaki unamtazama. Mimi naishi hapa São Paulo na familia, niliingia kwa Kifaransa na Kiswahili tu. Pakua Kireno kwenye programu ya kutafsiri kabla ya kupanda ndege, ifanye kazi hata bila bando. Kiingereza utakipata hotelini na kwenye kongamano, lakini kwa dereva na muuza mkate usikitegemee.

Kuacha simu hotelini sikushauri. Bila simu huiti gari, huoni ramani, hutafsiri, na ukipotea usiku ndipo unapoonekana mgeni kweli. Sisi wakaaji tunafanya hivi: simu haitoki mfukoni ukiwa kwenye njia ya miguu. Unataka ramani? Ingia duka la dawa au padaria, hizo sehemu za mikate na kahawa ziko kila kona. Simama ndani, mgongo ukutani, tazama, irudishe, toka. Ukiita gari kwa Uber au 99, programu nyingine ya huko ya kuita gari, subiri ndani ya jengo, toka ukiona namba ya gari. Ukiwa ndani ya gari pandisha kioo, maana kwenye foleni mkono unaingia dirishani.

#5 Binti_Nyeri
Swali kwa wenyeji. Nairobi simu zinaporwa pia, lakini nasikia huko mwizi anaitaka ikiwa imewashwa, iko wazi mkononi mwako. Kwa nini?

#6 Mhasibu_Diaspora
Dada #5, sababu ni Pix. Benki Kuu ya Brazili iliianzisha Novemba 2020. Ni kama M-Pesa ila inapita kwenye programu za benki zenyewe, hela inafika papo hapo, saa yoyote, Jumapili au sikukuu. Mwizi akikwapua simu ambayo haijajifunga anakimbilia programu ya benki, au anatafuta nywila kwenye jumbe zako, na ndani ya muda mfupi akaunti imekauka. Ndiyo maana wenyeji wengi wana simu mbili: ya barabarani, na ya nyumbani yenye benki. Mgeni afanye vivyo hivyo. Kama una simu ya zamani, itembeze hiyo. Ile yenye benki ibaki kwenye sefu ya chumba.

#7 Nahodha_Mstaafu
Mhasibu, hapo nakupinga kidogo. Simu zilikuwa zinaibwa São Paulo kabla Pix haijazaliwa, nilifika bandari ya Santos miaka hiyo nikapanda basi hadi mjini na tulionywa hivyohivyo. Soko la vipuri na simu za mkono wa pili ndilo linalolisha wizi. Simu iliyofungwa kabisa nayo inauzwa, kioo peke yake kina bei.

#8 Kasuku_wa_Lubumbashi
Wote mna hoja, ila mnasahau pikipiki. Jiji hili lina foleni ambayo mgeni haamini, na pikipiki za kupeleka vyakula hupita katikati ya magari muda wote. Kibaka akivaa sanduku la chakula mgongoni nani atamtofautisha na mfanyakazi halali? Akishakwapua anapotea katikati ya magari, na askari aliye kwenye gari amekwama palepale. Na wengi wa hao vijana wa pikipiki ni watu wa jasho, wageni wenzetu wamo pia. Usimuogope kila mwenye sanduku.

#9 Mwl_Kigoma
Mimi naliona jambo kubwa zaidi ya Pix na pikipiki. Mji ule kwa sensa ya 2022 una watu zaidi ya milioni 11 ndani ya mipaka yake tu, ukijumlisha miji iliyoshikana nao unapita milioni 20. Tajiri wake ana helikopta, mwingine anasafiri saa mbili kila asubuhi kutoka pembezoni. Pengo la namna hiyo huzaa mambo.

#10 Binti_Nyeri
Mwalimu, mapengo yako miji mingi, na si yote mtu anashindwa kutoa simu barabarani. Bado sijaridhika.

#11 Mgeni_wa_Ilala
Asanteni sana. Basi nabeba simu mbili. Je, hiyo Pix mgeni anaweza kuitumia? Na kutoka uwanja wa ndege nifanyeje? Natumia ndege ya Ethiopia kupitia Addis.

#12 Mhasibu_Diaspora
Pix inataka akaunti ya benki ya kule, na akaunti inataka CPF, namba yao ya mlipakodi. Mgeni anaweza kuomba CPF hata kupitia ubalozi, lakini kwa safari fupi usijisumbue. Kadi ya benki inapokelewa karibu kila mahali, mpaka kwa muuza juisi ya miwa. Angalizo moja: kabla ya kugusisha kadi, isome skrini ya mashine kwa macho yako. Ikiwa kioo kimepasuka au muuzaji kakifunika kwa kidole, usilipe. Kuna utapeli wa kuongeza sifuri, na wenyeji wenyewe wanaujua. Fedha taslimu beba dola, ukabadilishe kidogo Paulista. Shilingi hakuna atakayeitazama.

CPF itakusumbua sehemu moja tu, kwenye kununua laini. Maduka mengine yanaikubali pasi, mengine yanakataa. Nunua laini ya kielektroniki kabla ya kuondoka, utashuka ukiwa hewani.

#13 Kijana_wa_Sinza
Uwanja wa ndege uko ndani ya mji, nimeangalia ramani. Congonhas. Unashuka unatembea.

#14 Kasuku_wa_Lubumbashi
Kaka wa Sinza, wewe leo umeamua kumpoteza mgeni wetu! Congonhas ni uwanja wa safari za ndani. Ndege ya Addis inatua Guarulhos, GRU, nje ya mji upande wa kaskazini mashariki. Kuna uwanja wa tatu pia, Viracopos, lakini huo uko Campinas, karibu kilomita 100. Asome tiketi vizuri kama ataunganisha ndege.

Kutoka Guarulhos njia ni tatu. Gari la Uber au 99 ndiyo rahisi kwa mwenye mabegi, ila saa za foleni muda wake hautabiriki. Treni ipo tangu 2018, laini ya 13, lakini kituo chake kiko upande wa Terminal 1, wakati ndege nyingi za kimataifa ziko Terminal 3, kwa hiyo fuata vibao vya usafiri wa kukupeleka kituoni. Ya tatu ni basi namba 257 linaloishia metro ya Tatuapé. Bei yake ndogo sana ukilinganisha na gari. Tatuapé unapanda laini nyekundu.

#15 Nahodha_Mstaafu
Naongezea: laini nyekundu asubuhi kuelekea katikati usiijaribu na begi kubwa. Pale Sé, inapokutana na laini ya bluu, watu wanasukumwa kama maji. Ukifika asubuhi kunywa kahawa uwanjani hadi saa nne hivi ndipo uondoke. Metro yenyewe ni safi, salama, haichelewi. Laini ya bluu inafanya kazi tangu 1974. Laini ya njano haina dereva kabisa, simama behewa la mbele uone reli.

#16 Muuguzi_Mwanza
Wote mmesahau chanjo! Homa ya manjano. Jimbo la São Paulo lilipata mlipuko 2017 na 2018 na hata bustani za mjini zenye msitu zilifungwa, nyani walikuwa wanakufa. Choma sindano angalau siku 10 kabla ya safari na ubebe kitabu cha njano.

#17 Kijana_wa_Sinza
Hicho kitabu kinaisha baada ya miaka kumi. Angalia tarehe.

#18 Muuguzi_Mwanza
Hapana kaka. Tangu Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zilibadilishwa, cheti ni cha maisha, hata cha zamani. Na usikitupe ukishafika, maana utakihitaji kurudi: Tanzania inakidai kwa anayetoka nchi zenye homa hiyo, na Brazili imo. Ukiugua huko, huduma ya dharura ya serikali ni bure hata kwa mgeni. Gari la wagonjwa ni 192, polisi 190, zimamoto 193. Andika kwenye karatasi, simu ikiondoka namba zibaki.

#19 Binti_Nyeri
Mimi nilienda kwa ajili ya dada yangu anayesoma kule, naomba niseme kuhusu chakula maana hapo hamjafika. Tafuta migahawa ya kilo. Unachukua sahani, unapita kwenye meza ndefu, unapakua unachotaka, mwishoni sahani inawekwa kwenye mizani, unalipa uzito. Kwa asiyejua lugha ni ukombozi, huulizi kitu. Huko ndiko nilikokutana na sukuma wiki. Wanaiita couve. Wanaviringisha majani kama sigara kubwa, wanayakata membamba kama nyuzi, kisha wanayapitisha kwenye mafuta na kitunguu saumu kwa muda mfupi sana, yanatoka bado ya kijani kibichi. Sijawahi kula sukuma tamu vile, na nimezaliwa nayo.

Jumatano na Jumamosi ni siku za feijoada, maharagwe meusi na nyama ya nguruwe, pamoja na hiyo couve, wali, unga wa muhogo uliokaangwa na vipande vya chungwa. Kula mchana, jioni utalala nayo.

#20 Mpemba_Halisi
Nguruwe! Sisi wengine tutakula nini?

#21 Kasuku_wa_Lubumbashi
Usihofu ndugu yangu. Brás na Pari kuna Walebanoni na Wasyria wengi, nyama halali ipo, na misikiti ipo. Msikiti wa zamani, Mesquita Brasil, uko Cambuci kwenye Avenida do Estado, ujenzi wake ulianza 1929. Ijumaa utasimama safu moja na Mwarabu, Msenegali na Mbrazili.

Na ugali upo! Angu wanauita, wa unga wa mahindi unaoitwa fubá, mara nyingi wa njano. Wanaupika laini mno kwa mkono wetu. Nyumbani kwangu tunanunua fubá ileile dukani na kuusonga mpaka ushikike.

#22 Mama_wa_Temeke
Kuna mtego sokoni niutaje. Mwenzetu mmoja aliingia soko moja la mjini, muuzaji akawa anamkatia matunda bure, kipande hiki, kipande kile, maneno matamu. Ghafla mfuko umejazwa, umepimwa, umefungwa, anatajiwa bei ya kununulia viatu. Uliza bei ya kilo kabla hujaonja, na sema gramu unazotaka. Wakikasirika ondoka. Matunda yaleyale kwenye magulio ya mtaani bei ni ya kawaida, na pale gulioni kuna sambusa kubwa bapa za kukaanga, wanaziita pastel, zinashushiwa na juisi ya miwa.

#23 Mgeni_wa_Ilala
Nimecheka, nimeandika yote. Sasa nikipata siku ya kutembea, nione nini? Wengi wananiambia mji hauna kitu, nipande ndege niende Rio.

#24 Mwl_Kigoma
Asiyeona kitu São Paulo hakutazama. Nenda bustani ya Ibirapuera, ingia makumbusho ya Museu Afro Brasil, iliyofunguliwa 2004 na msanii Emanoel Araújo, aliyefariki 2022. Brazili ilikomesha utumwa 1888, ikiwa nchi ya mwisho katika bara lile. Mtu wa Afrika akizunguka vyumba vile anakutana na kazi za mikono, mavazi ya sherehe, zana, picha za waandishi na wahandisi weusi ambao hatukuwahi kufundishwa. Tenga nusu siku.

Kisha Liberdade. Wengi watakwambia ni mtaa wa Wajapani, na ni kweli: meli Kasato Maru iliwashusha Santos 1908 na baadaye wakajikusanya pale. Lakini kabla yao palikuwa mahali pa watu weusi, na palikuwa na uwanja wa kunyongea. Askari mweusi aliyeitwa Chaguinhas alinyongwa hapo 1821 kwa sababu ya uasi wa kudai mishahara. Masimulizi yanasema kamba ilikatika, watu wakapaza sauti aachiwe. Kanisa dogo la Aflitos la 1779 bado lipo mwisho wa uchochoro, lilikuwa ndani ya makaburi ya watumwa na maskini. Waumini wanabisha mlango wake wa mbao wanapoomba. Mwaka 2018 kituo cha metro kiliongezwa jina la Japani, na wazee wa mtaa wakauliza kwa nini historia yao haikuandikwa.

#25 Kasuku_wa_Lubumbashi
Aksanti sana mwalimu kwa hilo. Nami niseme lisilosemwa: ngozi yako itasomwa. Mchana República watakudhania Mnigeria, Mhaiti au Muangola. Beba nakala ya pasi, ya asili iache hotelini. Kifo cha Moïse Kabagambe, kijana wetu Mkongomani aliyepigwa hadi kufa Rio mwezi Januari 2022, hatujakisahau, na São Paulo tuliandamana pale MASP, jumba la makumbusho ya sanaa la Avenida Paulista. Watu wengi ni wema, wananisaidia kila siku, lakini sitamwambia mgeni kwamba jambo hili halipo. Ukitaka kusikia lugha za nyumbani ingia ile gorofa ya maduka mtaa wa 24 de Maio inayojulikana kama Galeria do Reggae, uketi kwa kinyozi. Na mwenye shida ya kweli, Missão Paz iliyoko Glicério inapokea wahamiaji bila kuuliza dini.

#26 Mkimbiaji_Eldoret
Hakuna aliyetaja São Silvestre! Mbio za kila tarehe 31 Desemba tangu 1925, kilomita 15, zinaishia Avenida Paulista. Mkenya Paul Tergat alizishinda mara tano. Mwisho wake ni mlima wa Brigadeiro Luís Antônio. Ukitaka kujua Tergat alikuwa mtu wa aina gani, upande kwa miguu tu, bila kukimbia.

#27 Fundi_Umeme
Mkuu usibebe pasi ya nguo wala birika la umeme. Plagi zao ni tundu tatu za duara, za kwao wenyewe, kwa hiyo unahitaji adapta.

#28 Kijana_wa_Sinza
Na umeme wao utaunguza vitu vyetu.

#29 Fundi_Umeme
Kinyume chake kijana. São Paulo soketi nyingi ni volti 127, sisi 230. Birika letu pale litabaki na chini ya theluthi ya nguvu yake, utangoja chai mpaka kongamano liishe. Kitakachoungua ni kile utakachonunua kule cha volti 127 ukachomeka Ilala. Chaja za simu na kompyuta hazina shida, soma zimeandikwa 100 hadi 240.

#30 Mama_wa_Temeke
Mwezi wa saba beba sweta la kweli. Mji uko juu kama mita 760, usiku inashuka hadi nyuzi 12 na chini yake, na vyumba vingi havina cha kupasha joto.

#31 Mpemba_Halisi
Jambo jingine litakalomsaidia. Tofauti ya saa ni sita kamili, mwaka mzima, maana Brazili iliacha kusogeza saa 2019. Kwa hiyo namba utakayoisoma kwenye saa ya kule ndiyo saa tunayoitaja huku Kiswahili. Kule imeandikwa tisa asubuhi, Ilala ni saa tisa alasiri. Ukitaka kumpigia mama huna haja ya hesabu.

#32 Binti_Nyeri
Mpemba, hii sikuwahi kuiona! Nimejaribu namba zote, inakubali.

#33 Mhasibu_Diaspora
Mgeni, usikose Jumapili. Mabasi ya jiji ni bure siku hiyo tangu Desemba 2023, na Paulista inafungwa kwa magari, watu wanajaa na ngoma, baiskeli, watoto. MASP iko palepale, jumba la mwaka 1968 lililochorwa na Lina Bo Bardi, limening'inia juu ya uwazi wa mita 74. Ndani picha zimesimamishwa kwenye vioo katikati ya ukumbi, unazunguka nyuma unaona mbao na maandishi ya turubai. Kiingilio bure ni Jumanne, Jumapili utalipa.

#34 Nahodha_Mstaafu
Na hiyo Jumapili ya Paulista simu ibaki mfukoni vilevile. Penye umati ndipo wanapofanyia kazi, Pix au pasipo Pix.

#35 Mhasibu_Diaspora
Nahodha, hukubali tu! Uliza yeyote aliyeibiwa baada ya 2020 alilia simu au alilia akaunti.

#36 Mgeni_wa_Ilala
Nimeshapata hoteli Vila Mariana, dakika nne hadi metro kwa ramani. Kasuku, nikikuletea unga wa sembe kilo mbili utapita uwanjani?

#37 Kasuku_wa_Lubumbashi
Unga acha, watu wa forodha ya kilimo wanauliza maswali. Niletee majani ya chai yaliyofungwa kiwandani na uyaandike kwenye fomu. Nitumie ujumbe wa faragha tarehe zako, Jumamosi utakula kwangu.